Bikira Maria Juu ya Shemine

Hakuna kitu kinachonipandisha hasira haraka kama mgeni anayeshuka kwenye ndege, anazungusha macho mara moja, kisha anatangaza: "Goma haina nyumba za zamani." Haina? Baba wee, umezikanyaga! Tangu uwanja wa ndege mpaka hoteli yako umekanyaga mabati ya watu, madirisha ya watu, vitanda vya watu, halafu unakuja kutuambia hatuna kitu cha zamani. Miji mingine imeweka uzee wake juu, kwenye minara, kila mpita njia auone. Sisi wetu tumeuweka chini. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.

Nenda katikati ya mji, utafute zile butiki, maduka yetu, ambazo mtu mrefu anaingia kichwa kikiwa kimeinama. Ule mlango ulikuwa dirisha la etaji, la ghorofa ya juu. Chini yake kuna butiki nyingine, na mlango wake halisi, na ngazi zake, vyote vimelala ndani ya jiwe. Mwaka ule Nyiragongo, volkano yetu, iliposhuka mjini, moto ulipita barabarani, ukajaa mpaka madirishani, ukaendelea na safari yake ya kutafuta ziwa. Watu walingoja mawe yapoe kidogo, wakakata dirisha wakalifanya mlango, wakapanga sabuni na sukari, wakaendelea kuuza. Mimi ni mwalimu, na kila mwaka nawaambia watoto wangu darasani: muji mwingine ungekaa chini ulie miaka kumi. Sisi tulikata dirisha.

Lakini nilitaka kueleza habari ya shemine ya mama yangu.

Avenue yetu iko upande ule ambao moto ulipita. Zamani ilikuwa avenue ya makarani, na nyumba zote zilijengwa kwa plan moja. Kuta za makoro, yale mawe meusi ya volkano za zamani, na kati ya jiwe na jiwe mstari wa simenti uliopakwa chokaa. Mbele kulikuwa na barza, pale pa kupumzikia na kupokelea wageni. Jiko lilikuwa nyuma, na juu ya jiko shemine, bomba la moshi la mawe, maana jioni za Goma zina baridi na moto wa kuni unataka njia ya kutokea. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza, pale kwenye kona. Ya pili ilikuwa ya jirani yetu. Nyingine zikafuata mpaka mwisho wa avenue, ambako kulikuwa na uwanja mtupu tuliochezea mpira.

Plan ilikuwa moja, ila barza kila mtu aliimalizia mwenyewe, na huko ndiko wanaume walikoonyesha akili zao.

Baba yangu alikuwa karani, mtu wa upande wa Bukavu, mtaratibu, shati limepigwa pasi hata siku ya kuchimba viazi. Mama alipokuja kuolewa, masahani yake ya harusi, yale meupe yenye maua ya buluu, yalisafiri kwa meli kutoka Bukavu ndani ya sanduku. Shemeji yake akajitolea kulishusha bandarini. "Niachieni mimi, nyinyi hamuna nguvu," akasema. Wallahi, lile sanduku lilipoanguka lilisikika mpaka mpakani. Mama alilia siku nzima, hakula.  Wakati ule baba alikuwa anamwaga simenti ya barza, basi akachukua vile vipande vya masahani, akavipanga mbele ya mlango, ua la buluu hapa, ua la buluu pale, akavikandamiza kwenye simenti mbichi. "Sasa," akamwambia mama, "hakuna shemeji atakayevivunja tena." Mwanzoni mama aliona haya, wageni wakikanyaga harusi yake. Baadaye alikuwa akiviosha kila asubuhi kwa kitambaa, akiwa amepiga magoti, na ole wako upite na viatu vya matope.

Jirani yetu ni mama wa Kalengera, kule Rutshuru, kwenye barabara kubwa ya kaskazini. Aliuza maharagi na anauza mpaka leo. Bwana yake alikuwa hawezi kuishi bila igisoro, ule mchezo wa bao, wa kete na visimu, vile vishimo vidogo. Yeye alipomwaga simenti ya barza yake, alichukua kijiko akachimba visimu vya igisoro palepale kwenye ngazi ya juu, mistari imenyooka, kusudi ubao wake usiibiwe wala kuazimwa. Kila jioni baba alikuwa amechuchumaa pale, na kila jioni mama alipitisha kichwa juu ya ukuta: "Papa, bugali inapoa!" Naye baba anajibu bila kugeuka: "Iache ipoe, nakula huyu mutu kwanza."

Baba alikufa kwa ugonjwa kabla ya volkano. Kwa hiyo moto ulipokuja, ile nyumba ndiyo ilikuwa imebaki ya mikono yake. Hilo ndilo la kushika katika hadithi hii. Kwa mama yangu nyumba haikuwa kuta. Ilikuwa bwana yake.

Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kama watu wote, na godoro kichwani. Tuliporudi, mama alituacha kwa shangazi yangu, kule Katoyi, ambako moto haukufika, akavaa mabuti ya baba akaenda peke yake. Watu walimwambia angoje, mawe bado yana moto. Akajibu: "Asiyekuwapo na lake halipo." Mabuti yale yalirudi soli zimeyeyuka. Mpaka leo mimi sijui wanawake wengine wenye moyo ule.

Alichokikuta hakina jina. Hakuna barabara, hakuna ukuta, hakuna miti, hakuna kona. Weusi tu unaotoa moshi, mpaka ziwani. Akatembea akitafuta, mpaka akaona kitu kimoja kimesimama, kimefika magotini mwa mtu: ncha ya shemine. Ukishuka kutoka upande wa mlima, hakuna shemine nyingine iliyotangulia. Nyumba ya kwanza ni ya nani? Ni yetu. Mama akaikimbilia, akaketi juu yake, akavuta kikwembe, kitenge chake, akajifunika kichwa.

Majirani walipoanza kufika, walimkuta ameketi pale. Kila mtu akafurahi, maana sasa kuna mahali pa kuanzia. Mama wa Kalengera na bwana yake wakasema: "Ikiwa pale ni kwa karani, basi hapa ni kwetu." Wakapima hatua, wakapanga mawe. Wa nyumba ya tatu akapima kutoka kwao, wa nne kutoka kwa wa tatu, mpaka chini. Mama yangu, mjane mwenye kikwembe kichwani, ndiye aliyekuwa kipimo cha avenue nzima. Kitu kimoja tu hakikuonekana tena: uwanja wetu wa mpira. Sisi watoto tulilalamika sana. Wakubwa wakatuambia lava imeubeba mpaka ziwani, na sisi tukaamini, maana lava ilibeba vitu vingi.

Baadaye serikali ilileta mashine za kusawazisha mawe, wakapitisha barabara mpya pembeni yetu, upande wa juu, mahali ambapo hakuna mtu aliyesema ni pake.

Tukajenga. Kwanza mbao, kama kila mtu. Halafu, kidogo kidogo, tukajenga kwa mawe. Unajua mawe gani? Yaleyale. Yale yaliyotumeza tuliyavunja kwa nyundo, tukayapanga kuwa ukuta, tukachora mistari ya simenti, tukapaka chokaa. Nionyeshe watu wengine duniani wanaomchukua adui yao wakamfanya chumba cha kulala. Ni sisi.

Na ile shemine mama alikataa isivunjwe. Nyumba mpya ilijengwa kuizunguka. Ndiyo maana katikati ya saloni yetu, ile sebule, kati ya viti na kabati, kulikuwa na nguzo fupi nyeusi inayotoka sakafuni. Mama aliitandikia kitambaa alichokishona mwenyewe, akamweka juu yake Bikira Maria wa plasta. Mgeni akiingia, hata kabla ya kupewa maji, anaonyeshwa: "Hii ni shemine ya jiko langu. Nyumba yangu iko hapa chini, na masahani yangu, na kazi ya bwana yangu. Watu wengi wa Goma walihama. Mimi sijahama."

Mimi sijahama. Nimelisikia neno hilo zaidi ya Salamu Maria. Mama alilisema kanisani, alilisema sokoni, alilisema mbele ya padri aliyetoka mbali kuona mji. Volkano ilipotutisha mara ya pili na watu wakapanga mizigo, yeye alikunja mikono: "Ikuje. Mimi nitahamia juu." Mimi nilimcheka, lakini kifua kilijaa. Si kila mtoto ana mama ambaye mlima ulishindwa naye.

Mama wa Kalengera, kwa upande wake, hakupenda maneno ya chini. Bwana yake alifariki miaka ile baada ya kujenga upya, na tangu hapo mtu akianza habari za nyumba za zamani, yeye anatikisa mkono: "Kilicho chini ni cha chini." Waligombana na mama kuhusu maji ya mvua, bati lako linamwaga kwangu, bati langu lina kosa gani, kisha jioni mmoja anamtumia mwenzake bakuli la mboga ya sombe. Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka zaidi ya ishirini.

Juzi juzi hapa choo chetu kilijaa. Mtu asiyekaa Goma hawezi kuelewa msiba huo. Mahali pengine mtu anachukua jembe anachimba. Sisi tunachimba jiwe. Unaita wanaume wenye nyundo kubwa na baramini, ule mtaimbo wa chuma, wanagonga kutoka asubuhi, na jioni shimo lina kina cha beseni. Nyuma ya nyumba hapakuwa na nafasi tena, kwa hiyo tukaamua kuchimba mbele, karibu na geti.

Wachimbaji walikuwa wawili, watu wa utani. Walipita urefu wa mtu, wakaendelea. Siku moja nikiwa nasahihisha madaftari ndani, nikasikia mmoja anaita: "Mwalimu! Kuja uone! Volkano imepika mikate!"

Nikatoka. Walikuwa wameng'oa kipande kikubwa cha lava, bapa, wakakigeuza. Chini yake kulikuwa na vinundu vya mviringo vimepangwa mistari, sawasawa, kama mikate midogo kwenye sinia. Nikaangalia pale kilipotoka. Simenti. Simenti imeungua, imepasuka, lakini ni simenti, na ndani yake visimu, mistari imenyooka. Lava iliingia kwenye visimu ikaganda kama unga kwenye kikombe.

 Nilimwona baba amechuchumaa. Bugali inapoa, papa.

Halafu nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Baba alichuchumaa pale, ndiyo. Lakini pale hapakuwa kwetu.

Mama alikuwa ametoka kanisani, bado ana rozari mkononi. Aliniona uso, hakuuliza, akasogea mpaka ukingoni mwa shimo akachungulia.  Mama alikuwa mwanamke aliyepitisha kichwa juu ya ukuta jioni elfu kuangalia visimu vile. Hakuhitaji kuelezwa. Akasema polepole: "Ile ni barza ya mama wa Kalengera."

"Mama," nikasema, "huenda..."

"Nyamaza. Nina macho."

Aliingia ndani. Nikamkuta amesimama mbele ya shemine, anaitazama kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani mwake. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Kisangani, nilimpigia simu nikamweleza. Alipiga kelele mpaka nikatenga simu na sikio: "Mufunike ile shimo leo! Mukifungua kinywa, parseli imeenda! Mutalala wapi?" Na hakuwa mjinga. Nyumba iliyo chini ni ya jirani, kiwanja, parseli yenyewe, ni ya nani? Mji huu watu wameshagombana kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mimi mwenyewe nilimwambia mama: "Tufunike. Nani atajua?"

Akanigeukia. "Na huyu?" Alimwonyesha Bikira Maria kwa kidole. "Nimemweka miaka yote juu ya shemine ya mutu. Nimemsimamisha kuwa shahidi wangu wa uongo. Sasa nimwambie nini?"

Wiki ile sanamu haikupata raha. Mama aliitoa juu ya shemine akaiweka mezani, mezani ikakaa vibaya, akaihamishia kabatini, kabatini giza, akairudisha. Bikira Maria alizunguka nyumba kama mpangaji aliyefukuzwa. Mama hakula vizuri. Mara moja nilimsikia jikoni akisema peke yake, si kwa sala, kwa hasira: "Papa, uko wapi basi? Nilikuwa nafagia juu ya nani?" Hapo ndipo niliogopa kweli. Parseli ni parseli. Lakini mwanamke aliyeketi juu ya moto kwa ajili ya bwana yake, leo anaambiwa aliketi pasipo pake! Niliukasirikia mlima, nikawakasirikia wachimbaji, nikakikasirikia hata choo.

Jumapili baada ya misa hakubadilisha nguo. Alibaki na kikwembe chake kizuri kuliko vyote, kile cha sikukuu, akaenda kwa jirani. Mimi nikamfuata nyuma. Mama wa Kalengera alikuwa anachambua maharagi barazani kwake.

"Mama," mama yangu akamwambia, "simama twende."

"Twende wapi? Kuna msiba?"

 Mama alimshika mkono kama unavyomshika bibi harusi, wakatoka kwenye geti lile, wakaingia kwenye geti letu. Pale getini kwetu, mbele ya shimo, mama yangu alinyosha mgongo, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba anayepokea mgeni mkubwa, ila maneno yake sijawahi kuyasikia kwa mwenye nyumba yeyote:

"Karibu kwako."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, akatazama chini. Maharagi mawili yalikuwa bado kiganjani mwake. Bila kuuliza akashika ngazi ya wachimbaji, na umri wake wote, na kilo zake zote, akashuka. Sisi tulibaki juu. Tulimwona anapiga magoti, anatia kidole kwenye kisimu, anakipangusa majivu, anahamia kingine. Kisha, bila kufikiri nadhani, akayaweka yale maharagi mawili ndani ya kisimu kimoja, kama kete.

"Muzee wangu," akasema. "Kumbe uko hapa."

Mwanamke wa "kilicho chini ni cha chini" alilia mpaka mama naye akashuka, na kikwembe cha sikukuu, wakakaa wote wawili kwenye ngazi ile, chini ya ardhi ya Goma, wanalia kama wasichana. Wachimbaji wawili wangekuwepo wangekosa utani.

Walipopanda, jirani alipangusa macho, na akili yake ya mfanyabiashara ikarudi. "Ngoja," akasema. "Kama mimi niko hapa kwako, pale kwangu yuko nani chini?"

"Wa nyumba ya tatu," nikasema.

"Na chini ya wa tatu?"

"Wa nne."

Alifuata avenue kwa kidole, nyumba kwa nyumba, mpaka mwisho kabisa. "Na wa mwisho ameketi juu ya..." Akashika mdomo. "Juu ya uwanja wenu wa mpira!" Yesu wangu, kile kicheko! Aliegemea ukuta, akashika tumbo, akapiga mapaja. Avenue nzima, watu wazima, makarani wenye hesabu zao, wote walisogea nyumba moja kwa sababu mjane mmoja aliketi kwenye shemine isiyo yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke.

Tukaingia saloni. Mama akamwinua Bikira Maria, akaonyesha nguzo. "Hii pia ni yako. Na parseli, sema unavyotaka. Sina neno."

Mama wa Kalengera akaitazama shemine yake, akatazama sanamu. Yeye ni Muprotestanti, mwimbaji wa kwaya. "Mungu wangu," akasema, "yaani miaka yote mimi nilikuwa Mukatoliki na sikuambiwa?" Akaichukua sanamu mikononi mwa mama, akairudisha mwenyewe pale juu, akanyosha kitambaa. "Akae. Na wewe ukae. Wewe uliketi kwenye ile moto, mimi nilikuja jiwe limeshapoa. Kila mutu abaki juu ya mwenzake, ndivyo tulivyoishi vizuri."

Habari haikufichika, na hatukutaka ifichike. Watu wa avenue walikuja mmoja mmoja kuchungulia shimo. Siku moja kulikuwa na kelele. Kijana wa nyumba ya tatu alisema maneno ya tribunali, ya kwenda mahakamani, akamwuliza mama wa Kalengera: nimshitaki nani? "Nenda ushitaki volkano," akajibiwa, "ukirudi utuambie hakimu amesema nini." Avenue ilicheka, na neno likaishia pale. Shimo hatukulifunika. Tulilijengea ukingo wa mawe na ngazi ya simenti, na choo tukachimba upande mwingine, kwa jasho jipya. Nawaleta wanafunzi wangu wanashuka kwa zamu, wanaweka vidole kwenye visimu. Ile lava ya mikate iko kwa jirani, imesimamishwa mlangoni, naye anaonyesha wageni kwa majivuno ambayo hapo mwanzo yalikuwa ya mama yangu.

Maana mama yangu aliacha. Hilo ndilo lililoniuma. Wageni walikuja, akawapa maji, akawauliza habari za nyumbani, na neno lake hakulisema. Siku moja mgeni mmoja alimwuliza mwenyewe: "Mama, wewe ndiye yule ambaye hakuhama?" Mama akaangalia mikono yake. "Nilifikiri hivyo," akasema. Nyumba ya baba, na barza yake, na maua ya buluu, vilikuwa pale juu, kwenye kona, chini ya ile barabara ambayo mashine zilipitisha mahali pasipo na mwenyewe. Chukudu zinapita pale tangu asubuhi, zile baiskeli zetu za mbao, zimebeba viazi na mkaa, na malori yanapita, na mbuzi wa watu. Kuna siku nilimwona amesimama ukingoni mwa barabara ile na kitambaa mkononi, hajui akifanyie nini.

Jirani naye alimwona. Jumapili iliyofuata, mchana, tukasikia geti linagongwa. Mama wa Kalengera alikuwa amevaa kikwembe chake kizuri kuliko vyote, na kila mkono umebeba kiti.

"Mama," akasema, "simama twende."

"Wapi?"

"Twende kwako."

Walipanda mpaka kona. Jirani alipima hatua kutoka kwetu, kwa sauti, akirudi kwa vipimo vilevile vya mwaka ule, lakini safari hii kwa upande ulio sawa. Alipofika akagonga chini kwa kisigino, akasema, "Mlango." Akaweka kiti kimoja, akaweka cha pili, barabarani, ndiyo, kwenye barabara yenyewe, akamkalisha mama. Mimi niliwaletea chai, nikiwa na haya na nikiwa na kiburi, sijui kipi kilizidi. Watu walisimama kutazama. Mama alinyosha kikwembe magotini. Kisha aliinama, akapangusa vumbi mbele ya miguu yake kwa kile kitambaa, kipande kidogo tu, mviringo.

Chukudu moja ikashuka kwa kasi, imejaa magunia, na mwenye nayo anapiga mluzi na kupaza sauti: "Bamama! Musogee! Musogee!"

Jirani alitaka kuinuka. Mama yangu akamshika mkono, akamrudisha kitini. Hakupaza sauti. Alingoja yule mtu asimamishe chukudu yake kwa kiatu, vumbi litulie, akamtazama.

"Nisogee tena?" akasema. "Mwanangu, mimi nilishasogea nyumba moja. Inatosha. Pita pembeni, na upite polepole, uko kwenye barza yangu."

Yule mtu alitazama chini ya miguu yake, kwenye lami na mavumbi. Sijui aliona nini. Alishika chukudu yake kwa mikono miwili, akaisukuma pembeni, akawazunguka.

"Pardon, mama," akasema.

"Karibu," mama akamjibu.